Picha kumi na moja za wakuu wa Waainu na duka moja la fremu Kariakoo

Duka ninalolieleza hapa liko Kariakoo, ghorofa ya kwanza, juu ya wauza vitambaa, na kazi yake ni kuchapa picha na kuzitengenezea fremu. Jina lake nimeliacha kwa makusudi, kwa kuwa nina sifa za kulimiminia na nina lalamiko moja zito, na lalamiko hilo tulikwisha kulimaliza ana kwa ana na mwenye duka. Nilikwenda pale mwezi wa tatu, masika yakiwa yameanza, nikiwa na flashi yenye faili kumi na mbili: picha kumi na moja zilizochorwa na Mjapani Kakizaki Hakyō mwaka 1790 na moja iliyochorwa baadaye na Mjapani mwingine, Hirasawa Byōzan, zote zikionyesha Waainu. Nilitaka zichapwe kwa ukubwa wa A3, ziwekwe fremu ya mbao na kioo, kisha zitundikwe katika chumba cha kusomea cha wanafunzi wa sekondari ambacho mimi na wenzangu tunakiendesha Magomeni.

Naomba nieleze kwanza ni picha gani, kwa sababu ubora wa kazi ya duka hauwezi kupimwa bila kujua kilichomo ndani yake. Waainu ni wenyeji wa asili wa kisiwa cha Hokkaido, visiwa vya Kurili na kusini mwa Sakhalin. Wajapani wa zamani waliiita nchi hiyo Ezo, na jina Hokkaido lilianza kutumika mwaka 1869 tu. Tangu mwaka 1604 ukoo wa Matsumae, uliotawala ncha ya kusini ya kisiwa hicho, ulikuwa na kibali cha shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, cha kusimamia biashara yote na Waainu, na ni katika uhusiano huo wa bwana na mtwana, uliovishwa vazi la biashara, ndimo zilimozaliwa picha zinazoitwa Ainu-e, yaani picha za Waainu. Zilichorwa na Wajapani na kununuliwa na Wajapani, baadaye na wageni kutoka Ulaya, na Mwainu aliyechorwa hakuwa na kauli juu ya namna atakavyoonekana.

Mwaka 1789 Waainu wa kisiwa cha Kunashir na wa pwani ya Menashi inayokikabili waliasi. Mfanyabiashara aliyekodishwa maeneo hayo na Matsumae alikuwa akiwafanyisha kazi ya shuruti ya kukamua mafuta ya samaki na kutengeneza mbolea kwa ujira usioweza kulisha mtu, hata watu wakakosa muda wa kuvua na kujiwekea akiba ya majira ya baridi. Wajapani 71 waliuawa. Matsumae walipeleka askari, lakini waliowashawishi waasi wajisalimishe walikuwa wakuu wa Kiainu wenyewe, akiwamo Tsukinoe wa Kunashir na Ikotoi wa Akkeshi, na baada ya kujisalimisha Waainu 37 waliuawa kwa kuadhibiwa mahali paitwapo Nokkamappu. Mmoja wa waliouawa alikuwa mtoto wa Tsukinoe.

Mwaka uliofuata Hakyō, aliyezaliwa mwaka 1764 akiwa mtoto wa mtawala wa Matsumae na kulelewa katika familia ya Kakizaki ya watumishi wakuu wa ukoo, alichora wakuu kumi na wawili waliosaidia kuuzima uasi. Alichora juu ya hariri, kila picha ikiwa na ukubwa wa karibu sentimita 40 kwa 30, na mkusanyo huo ukaitwa Ishū Retsuzō. Mwaka 1791 aliupeleka Kyoto, ambako hata Mfalme Kōkaku aliutazama. Matsumae walikuwa na hofu kwamba serikali ya shogun ingewalaumu kwa uasi ule na kuwanyang'anya nchi, kwa hiyo walihitaji kuonyesha kwamba wana watu wenye nguvu na wa kutisha, na kwamba watu hao ni watiifu kwao. Ndiyo sababu wakuu hao wamevishwa hariri za Kichina zenye majoka, zilizofika Ezo kupitia mto Amur na Sakhalin, na baadhi yao wamevaa makoti na viatu vya Kizungu, ilhali nguo ya kila siku ya Waainu ilikuwa attus, inayofumwa kwa nyuzi za gome la ndani la mti. (Wasomaji wa Bukoba watakumbuka nguo za magome za wazee wao. Tofauti ni kwamba ile ya Buhaya hupondwa, na attus hufumwa kwenye kitanda cha mfumi.) Wanahistoria wanaeleza kwamba hariri hizo zilikuwa za Matsumae, zilizotolewa kwa kuazimwa.

Sasa nirudi dukani. Sifa ya kwanza ni kwamba fundi hakukimbilia kuchapa. Alizifungua faili zote kwenye kompyuta, akazikuza moja baada ya nyingine, akaniambia mbili zina ubora mdogo kuliko nyingine na akanitaka nitafute zilizo bora kabla hajapokea hela yangu. Nimekwisha kuchapisha vitu sehemu nyingi mjini hapa, kuanzia Mnazi Mmoja hadi Mwenge, na aghalabu mtu huchukua flashi, huchapa, kisha hukukabidhi ukungu wa rangi akidai kwamba ndivyo faili ilivyokuwa. Katika picha za Hakyō kosa la namna hiyo lisingevumilika, kwa sababu mchoraji yule alijifunza Edo (Tokyo ya leo) katika shule ya uchoraji iliyothamini kila unywele, naye alizichora ndevu za wakuu wale unywele kwa unywele, mweusi, wa kijivu na mweupe, kiasi kwamba ukisogeza jicho karibu unaona jinsi kila mmoja unavyotoka kwenye ngozi na kupinda. Faili dhaifu ingezigeuza ndevu hizo kuwa doa.

Ukubwa wa A3 nao uligeuka kuwa bahati njema. Karatasi ya A3 ni sentimita 42 kwa 29.7, kwa hiyo picha zimetoka karibu sawa na zile za asili, na mtu anayesimama mbele ya ukuta wetu Magomeni anaziona kwa kipimo kile kile alichokiona mfalme kule Kyoto. Fundi alitoa chapa ya majaribio ya picha ya Ikotoi, ambaye amesimama na mkuki akiwa amejitanda koti jekundu juu ya hariri ya majoka. Chapa ya kwanza ilitoa wekundu wa nyanya. Nilimwambia kwamba koti lile ni jekundu lililokolea, linaloelekea damu ya mzee, na yeye bila kununa akarekebisha na kuchapa kipande tu cha bega, mara tatu, mpaka tukakubaliana. Vipande hivyo vya majaribio hakunitoza.

Lalamiko langu linaanzia siku niliyokwenda kuchukua kazi. Picha zilikuwa zimepangwa chini, zikiegemea ukuta, nazo zilipendeza kwelikweli, lakini niliposogea niliona kwamba tatu kati yake zimegeuzwa, kushoto kumekuwa kulia kama sura ndani ya kioo. Niligundua kwanza kwa maandishi, kwa kuwa kila mkuu ameandikiwa jina lake kwa herufi za Kichina, na ingawa sisomi herufi hizo nilikuwa nimezitazama faili kwa miezi kadhaa kiasi cha kuzijua kwa umbo. Kijana anayeshughulika na kompyuta aliniambia kwa heshima, "Mwalimu, niliona zitapendeza zaidi ukutani zikitazamana mbili mbili." Alikuwa amefanya kwa nia njema, kama wanavyofanya kwa picha za harusi.

Nilimwita akae nami, nikamwonyesha ukosi wa vazi. Kwa desturi ya Kijapani ubavu wa kushoto wa vazi hulalia juu ya ubavu wa kulia, na anayevishwa kinyume ni maiti. Katika maandishi ya kale ya Kichina, tangu mafundisho ya Confucius, kufunga vazi kinyume ni alama ya watu walio nje ya ustaarabu. Wachoraji wa Ainu-e, Hakyō akiwamo, waliitumia alama hiyo: Mwainu anafungwa ukosi kinyume ili mtazamaji wa Kyoto au Edo, kabla hajasoma neno lolote, ajue kwamba anamtazama mtu wa nje. Kwa hiyo ukiigeuza picha kwa ajili ya urembo unaurudisha ukosi mahali pake, na hukumu ambayo mchoraji aliitia kwenye kipande cha nguo cha upana wa kidole inafutika bila mtu kujua. Nilimwambia achukulie picha ya mwanamke wa pwani aliyevaa kanga, kisha mchapaji aligeuze jina la kanga lisomeke kinyumenyume. Nguo na rangi zingebaki zile zile, lakini kanga ingekuwa imenyamazishwa. Mfano huo aliushika mara moja, naye ndiye aliyesimama na kuzitoa zile picha tatu kwenye fremu kabla mimi sijadai lolote.

Macho nayo yanahitaji kutazamwa kwa makini, na hapa nalipongeza duka kwa kutoyagusa. Karibu wakuu wote wamechorwa mboni zikiwa zimevutwa upande mmoja, weupe ukionekana pande tatu, na nyusi nzito zinazokaribia kuungana katikati ya paji la uso. Hao hawakuwa watu wenye ugonjwa wa macho. Ilikuwa namna iliyokubalika ya kumchora mtu wa kutisha, na iliendelea kurudiwa na wachoraji wengine, baadhi wakiwa hawajawahi kumwona Mwainu. Maduka mengi ya picha siku hizi yana programu inayolainisha ngozi na kunyoosha macho bila kuulizwa, nami nilikuwa na wasiwasi huo tangu mwanzo. Chikiriashikai, mama yake Ikotoi na mwanamke pekee kati ya wale kumi na wawili, amebaki na makunyanzi yake na macho yale makali, akiwa ameketi, na nikiri kwamba sura yake ndiyo iliyonifanya nianze safari yote hii. Mchoraji alitumwa kumwonyesha kama mali ya bwana wake. Hata hivyo, mkono wake ulikuwa stadi mno, na mwanamke mzima mwenye akili yake anamtazama mtu kutoka kwenye karatasi.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam jambo hili si geni. Tembea Mwenge au Slipway uhesabu picha za Wamasai: mkuki, shuka jekundu, mwili mrefu mwembamba kama ufito, jua linazama nyuma. Nyingi zimechorwa na vijana wetu wasio Wamasai kwa ajili ya mnunuzi ambaye naye si Mmasai. Naipenda sanaa ya Tingatinga, iliyoanzishwa jijini humu na Edward Saidi Tingatinga mwaka 1968, na sisemi kwamba wachoraji wale wanatumikia ukoo wowote kama alivyofanya Hakyō. Nasema tu kwamba mwanafunzi wa Magomeni ana macho ya kutosha kuelewa picha za Waainu kwa sababu zile za Wamasai amekua akiziona, na ndivyo ilivyokuwa wiki ya kwanza tulipozitundika.

Picha ya kumi na mbili, ile ya Hirasawa Byōzan, ilichapwa vizuri kuliko zote. Byōzan alizaliwa mwaka 1822 kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Japani, akahamia Hakodate, na aliishi vipindi fulani miongoni mwa Waainu. Bandari ya Hakodate ilipofunguliwa kwa wageni, Wazungu wakawa wateja wake wakubwa, na kwa sababu hiyo kazi zake nyingi ziko leo nje ya Japani. Picha niliyoichagua inaonyesha chanjo ya ndui ya mwaka 1857, wakati serikali ya shogun ilipowatuma madaktari, mmoja wao akiwa Kuwata Ryūsai, kuwachanja Waainu ambao ndui ilikuwa ikiwamaliza vijiji kwa vijiji. Ndani yake mna umati, na kila mtu mdogo kuliko kidole gumba ana uso wake, vazi lake na hofu yake. Fundi aliichapa kwa mwendo wa polepole wa mashine, kazi iliyochukua karibu saa nzima, ili nyuso hizo zisivie. Bibi mmoja anayetufanyia usafi pale chumbani alisimama mbele ya picha hiyo, akapandisha mkono wa gauni lake na kuwaonyesha watoto kovu la chanjo begani kwake, akiwasimulia jinsi walivyopangwa foleni shuleni. Hakuna maelezo ya kwangu yaliyowahi kuwafikia watoto wale kama kovu lile.

Kuhusu fremu sina la kulaumu. Ni mninga, umepigwa msasa vizuri na kupakwa vanishi isiyong'aa, na pembe zake nne zimekutana bila nafasi ya kupitisha hata ukucha. Jambo la maana zaidi kwa mji wetu ni kadi nyeupe waliyoiweka kuzunguka picha, upana wa sentimita nne, ambayo inakiinua kioo kisiguse karatasi. Kwa unyevunyevu wa Dar es Salaam, karatasi iliyobanwa moja kwa moja kwenye kioo hushikana nacho ndani ya masika moja, na siku utakapotaka kuitoa utaibandua rangi pamoja na uso wa mtu. Mgongoni wamefunga kwa ubao mwembamba na utepe wa karatasi kuzuia wadudu. Mwezi wa saba nilifungua fremu moja kwa ajili ya kukagua na sikuona ukungu.

Lebo ndizo zilizofanyika ovyoovyo. Niliandika maelezo mafupi ya kuwekwa chini ya kila picha, pamoja na ubao mmoja wa kueleza yaliyofuata: kwamba serikali ya Meiji, iliyochukua nafasi ya ile ya shogun, mwaka 1871 ilikataza wanawake wa Kiainu kuchanjwa chale za mdomoni, kwamba sheria ya mwaka 1899 iliwaita watu hao wenyeji wa zamani na kuwalazimisha kuwa wakulima wa Kijapani, kwamba sheria hiyo ilifutwa mwaka 1997, kwamba mwaka 2019 sheria mpya iliwatambua kuwa wenyeji wa asili, na kwamba makumbusho yao ya kitaifa yalifunguliwa Shiraoi mwaka 2020. Maelezo hayo yalirudi yakiwa na "Waaino" mahali pengi pa "Waainu", na mwaka 1899 ukiwa 1989. Walichapa upya bila malipo, lakini ningependa mtu mmoja dukani awe na kazi ya kusoma kabla ya kuchapa.

Gharama ilikuwa shilingi 38,000 kwa kila picha, chapa, kadi, kioo na fremu vikiwa pamoja, yaani shilingi 456,000 kwa zote, nusu ikilipwa mwanzoni. Yapo maduka ya bei nafuu zaidi mtaa huo huo, ila mbao zao ni laini na kadi hawaweki. Niliahidiwa siku saba nikapata kazi yangu siku ya kumi na sita, kwa sababu ya zile tatu zilizogeuzwa na kwa sababu umeme ulikatika mara mbili. Bajaji ya kuzipeleka Magomeni waliilipia wao, kila fremu ikiwa imefungwa kwa kanga kuukuu, na hakuna kioo kilichopasuka.

Kwa mtu mwenye picha za sanaa au za kumbukumbu za familia, duka hili nalipendekeza bila kusita. Nenda na faili yenye ubora, omba chapa ya majaribio, na sema wazi tangu mwanzo, ikibidi kwa maandishi, kwamba picha isigeuzwe wala isikatwe. Kijana wa kompyuta sasa huuliza mwenyewe. Nilipopita pale wiki iliyopita alikuwa akimuuliza mama mmoja kama marehemu baba yake alishikilia bakora kwa mkono wa kulia au wa kushoto.

Nina kazi moja iliyobaki pale. Picha za Hakyō zilizoko katika jumba la makumbusho la Besançon, Ufaransa, ambako ziligunduliwa mwaka 1984, ni kumi na moja tu, na anayekosekana ni mkuu aitwaye Ikorikayani. Sura yake imehifadhiwa katika nakala za zamani zilizochorwa na watu wengine Japani, na faili ya nakala mojawapo nimekwisha kuipata. Itachapwa kwa ukubwa ule ule, lebo ikisema wazi kwamba mkono si wa Hakyō. Msumari wake nimeshaupigilia ukutani, kushoto kwa Chikiriashikai, na fundi ameniwekea kipande cha mninga kutoka ubao ule ule.